Fisi wa Mimbarini

Juzi, nikiwa likizo nyumbani Karatu, niliingia kanisani nikamkuta mwenyekiti wa parokia ameshika randa, tayari kumfuta fisi. Fundi wetu alikuwa amemchonga kwenye mimbari mpya, ameketi katikati ya mbuzi na kukunja mikono kama muumini, anasikiliza mahubiri. Fundi mwenyewe alisimama kando, macho kwenye randa.

"Mnyama wa wachawi hakai nyumba ya Mungu," alisema mwenyekiti.

Padri wetu, Mzungu wa makamo, akafungua kitabu cha picha za makanisa ya kale ya kwao. Humo mna mbweha wa mbao, amevaa joho la padri, anawahubiria mabata bukini.

Mwenyekiti akavaa miwani, akatabasamu. "Sanaa nzuri hii, Padri."

Hapo nilishindwa kunyamaza. "Mzee wangu, mbweha wao akihubiri ni sanaa, fisi wetu akisikiliza tu ni uchawi? Tumepata uhuru ili fisi wetu adhaminiwe na mbweha wa Ulaya?"

"Binti, chuo kimekufundisha kubisha."

"Basi nibishie."

Bibi mmoja aliyekuja kupanga maua akadakia, "Mwacheni akae. Kwangu amekula mbuzi na hajawahi kuungama. Hapa angalau atasikia amri ya kutoiba."

Mwenyekiti alijaribu kukunja uso, kicheko kikamshinda. Akamrudishia fundi randa yake.

Jumapili mahubiri yalikuwa marefu. Nilipogeuka kuwatazama waumini, niligundua kwamba asiyesinzia alikuwa fisi peke yake.