Mikono Inawekwa Wapi

Jumanne moja ya Februari nilimpoteza mume wangu. Alianguka jikoni, nikammwagia maji usoni. Sikujua lingine la kufanya.

Baada ya Pasaka, muuguzi alileta kanisani kwetu Nyamasaria mwanasesere wa plastiki asiye na miguu, atufundishe huduma ya kwanza. Nilikwenda nijue mikono inawekwa wapi.

“Kwanza muulize kama anasikia,” muuguzi alisema.

“Baba, unasikia?” jirani yangu muuza samaki aliita. “Amenyamaza. Mwonyeshe ugali na mbuta!”

Tulicheka sana. Zamu yangu ilipofika nikapiga magoti, nikabonyeza kifua.

“Mama, kwa nguvu!” muuguzi alisema. “Unakanda chapati?”

Wenzangu walihesabu mpaka thelathini.

“Vizuri. Mwingine aje.”

Sikuinuka. Nilianza tena, nao wakahesabu.