Sikio la Bibi Harusi

Nailantei alijua mambo ya binti yake kwa kutazama bakuli la uji. Asubuhi ya tatu mfululizo lilirudi jikoni kama lilivyokwenda, uji umeshika utando juu.

Nkoile alikuwa na miaka ishirini. Alipofuka macho akiwa darasa la sita, na tangu wahamie Mabwerebwere kutoka malishoni, rafiki zake wote walikuwa ndani ya simu: mashabiki wa tamthilia ya Mke wa Stesheni Masta, waliojazana kwenye ukurasa mmoja. Simu ilimsomea kila walichoandika. Lakini wenzake walipenda kuweka picha, na ikifika kwenye picha simu ilisema neno moja tu: "Picha." Kisha ikamsomea vicheko vya watu. Kisha "Picha" tena.

"Umewauliza ni picha ya nini?" Nailantei alimwuliza.

"Nimewauliza, yeyo," Nkoile alisema, akimwita mama kwa lugha ya kwao. "Mmoja wao, Yusrah, kasema niwaache wastarehe, pale si shule ya wasioona. Wote wakacheka." Nkoile akaisukuma simu pembeni. "Leo najitoa."

Nailantei aliichukua ile simu akikusudia kuifungia sandukuni. Tangu mwanzo hakuipenda. Ila alipofika mlangoni alisita. Yeye hutoka alfajiri kupeleka maziwa mjini. Simu ikifungiwa, mtoto atabaki akizungumza na nani?

Akarudi, akaketi. "Hebu tuone hiyo picha."

Shuleni aliishia darasa la nne, lakini kutazama alifundishwa na baba yake. Kwao ng'ombe akipotea, husemi "mwekundu" ukanyamaza. Msafiri unamweleza baka, pembe, mkia, na alama iliyokatwa sikioni, mpaka mtu asiyewahi kumwona, akikutana naye huko Kidete, amtambue.

"Ni yule dada wa kazi wa tamthilia yenu, Tabu," alianza. "Mweusi wa kung'aa, shingo ndefu, anasimama ameegemea mguu mmoja. Sikio la kushoto lina pengo dogo ukingoni, kama ndama aliyetiwa alama."

Nkoile akacheka kwa mara ya kwanza wiki ile. Hakujitoa. Akawa kila jioni anayaweka maneno ya mama yake chini ya picha, wengine nao wasome.

"Jamani, tumeletewa mnada wa ng'ombe!" aliandika Yusrah.

Nailantei aliposomewa hayo, aliiweka simu chini. "Ni mimi niliyekuponza, mwanangu."

"Endelea, yeyo. Wewe endelea tu."

Kisha likatoka tangazo la msimu mpya: bibi harusi wa stesheni masta, uso wote ndani ya shela. Ukurasa mzima ukaapa kuwa ni Rehema, binti wa tajiri. Nailantei aliisogeza simu karibu na pua. "Shela imepanda upande mmoja. Sikio liko nje, la kushoto. Lina pengo."

"Rudia hapo."

"Pengo ukingoni. Kama ndama."

Nkoile akaandika: Bibi harusi ni Tabu. Wakamcheka siku nne. Tabu alifukuzwa msimu uliopita, arudi vipi? Yusrah akasema wazi kwamba Nkoile akikosea, aondoke ukurasani na mnada wake. Nkoile akajibu: Sawa.

Ijumaa saa moja jioni, msimu mpya ulipoanza kuonyeshwa, Nailantei alikuwa ameshika simu kwa mikono miwili, jasho likimtoka kuliko bibi harusi mwenyewe.

"Shela inatoka?"

"Inatoka. Subiri. Kidevu… mdomo…" Akaruka, akapiga teke dumu tupu la maziwa. "Tabu! Ni Tabu, mwanangu!"

Vigelegele vyao viliwatoa majirani nje. Simu nayo ilisoma pongezi mfululizo hata ikawa haipumui. Hussein, msimamizi wa ukurasa, aliandika: "Sisi wenye macho hatukuona. Kuanzia leo hakuna picha bila maelezo. Na asiyejua kueleza, akamwulize mama yake Nkoile."

Mwisho kabisa ukaja ujumbe wa Yusrah. "Shikamoo mama. Naomba mnisamehe. Na ile picha yangu ya jana, mama unaionaje?"

Nailantei aliitazama kwa utulivu.

"Mwambie marahaba. Yamekwisha. Mwambie amependeza, nywele zimekaa, ila kitana amekisahau kisogoni."

Nkoile alicheka mpaka akapaliwa. Alikuwa na uji mdomoni.