Pepo Asiyetaja Jina

Nilipokuwa mtoto, nyumba yetu ya Ruwi, huku nchi ya Waarabu, ilikuwa na chumba kimoja ambacho wageni waliambiwa ni stoo. Ndani yake mlikuwa na mama mdogo Zuwena, mdogo wake mama, na wageni hao hao waliambiwa kasafiri, yuko Unguja. Walikuwa wakituletea haluwa tumpelekee, na mimi nikiila.

Tangu ajifungue, mama mdogo hakuoga wala hakusema na mtu, na mwanawe Saidi hakutaka hata kumtazama. Bibi alikuwa na hakika ni pepo. Akamfukiza ubani, akamnywesha kombe, maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani, na kila alasiri akimwinamia akimhoji huyo pepo: "Unaitwa nani, wewe? Taja jina lako." Ndivyo alivyokulia kwao Unguja. Pepo akishajitaja keshashindwa. Hujulikana anataka nini, akapewa, akenda zake. Asiyejitaja ndiye wa kuogopwa. Huyu wetu alikuwa bubu, na mama mdogo akizidi kukonda. Mimi mlango ule nilikuwa siupiti peke yangu.

Mama ndiye aliyechoka. Akamtia mdogo wake garini kumpeleka hospitali, Bibi akapanda nyuma na tasbihi yake, kanuna, nami nikabanwa ubavuni mwake. Daktari alikuwa mwanamke wa Kiarabu, mtaratibu. Akatwambia ni iktiab, maradhi ya kusononeka, huwapata wazazi wengi wakishajifungua na yana dawa.

Bibi akamgeukia mama. "Kumbe ana jina huyu?"

"Ana jina, mama."

"Alhamdulillahi. Basi atatoka."

Tangu hapo hapakuwa na wa kumnyamazisha. Ijumaa ile wageni wamejaa, kahawa inapita, akasema, "Zuwena hakusafiri. Yumo chumbani, ana iktiab, na dawa zake nnazo mimi." Mama akainamisha uso kwa haya. Mimi nilidhani hakuna atakayekuja kwetu tena. Halafu shoga yake Bibi, anayekaa Hamriya, akaweka kikombe chini.

"Hata wangu," akasema. "Mwaka wa pili huu nnasema yuko kwa shangazi yake."

Dawa zilichukua miezi. Asubuhi moja mama mdogo akatoka kakoga, nywele zinadondoka maji, akamnyooshea mama mikono: "Nipe mwanangu." Bibi akapiga vigelegele mpaka majirani wakaja kuuliza nani anaolewa.

Saidi sasa ana ndevu, na ndiye anayetuendesha. Mimi na mama mdogo tunazunguka majumbani, kwa watu wetu na kwa wasichana wa Uganda wanaofanya kazi za ndani, tukizungumza habari ya maradhi haya. Wenzangu kazini hucheka nikiwaambia kazi hii kanifunza Bibi na mapepo yake. Wacheke. Ugonjwa aliukosea, lakini alijua kwamba kitu hakitoki mpaka kitajwe.

Mimi huwa na maneno mengi, nna karatasi zangu na picha. Mama mdogo hana hotuba. Akishamaliza kahawa huuliza tu, "Na nyinyi, stoo yenu iko wapi?" Kisha huenda mwenyewe, akabisha mlango polepole.

"Hodi, mwanangu. Mimi Zuwena. Na mimi nilikuwa humu."