Wapangaji Waliomwogopa Mwalimu

Kwanza ijulikane kwamba sikurudi nyumbani kuomba. Nilirudi kutoka Embu na mtoto mgongoni, mabegi mawili na mtungi wa gesi, kwa sababu mwanamume niliyekuwa nikiishi naye kule mtaani Dallas alikuwa amezoea kunipiga, na mimi nilikataa kuzoea kupigwa. Baba hakuniuliza lolote. Alinipa funguo kumi na mbili zilizofungwa kwa waya akasema, "Nenda uangalie jengo."

Jengo hilo liko Nkubu, hatua chache kutoka barabarani. Baba alifundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, na kila alichopata alikizika pale: orofa tatu, nyumba kumi na moja, na kando ya geti chumba kimoja cha keateka, yaani mtunza jengo, kisicho na dirisha. Keateka nikawa mimi. Baba alibaki shambani Kanyakine na migomba yake. Watu hawamwiti jina. Nusu ya mji amewafundisha, na nusu nyingine amewafundisha wazazi wao, kwa hivyo ni Mwalimu tu, hata kwa mzee anayemuuzia mbolea.

Kazi niliipenda tangu wiki ya kwanza. Kidato cha nne nilimaliza, chuo sikufika, lakini ukinipa nyumba tupu nitakuambia nani ataikaa. Mtu akija kuangalia nyumba simfuati chumba kwa chumba nikisifu. Nafungua mlango, nafungua mfereji, nasimama kando. Anayeangalia dari ni mtu wa kulala na kuondoka. Anayeuliza kamba za nguo ziko wapi huyo atakaa. Anayepima jikoni kwa mikono yake, akihesabu sufuria zake kichwani, huyo usimwachilie. Nilijua pia kuzibua sinki, kubadilisha koki, na kumwambia mwanamume mzima azime redio yake saa tatu na azime kweli.

Sasa, pamoja na ujuzi huo wote, watu wakaanza kuhama.

Wa kwanza alikuwa nesi wa orofa ya pili, mama wa watoto wawili, mpangaji mzuri ajabu. Alileta notisi kwa mikono miwili akisema amehamishiwa Isiolo. Nikamtakia heri. Akafuata fundi cherehani wa orofa ya juu. Huyo alisema mama yake ni mgonjwa, lazima arudi Chuka. Halafu mwalimu wa chekechea akasema anaolewa. Halafu wawili ndani ya wiki moja, kila mmoja na sababu yake safi, na shukrani nyingi, na "msalimie Mwalimu sana." Nyumba tano zikabaki tupu. Nikaandika tangazo getini, nikalibandika hata kwenye duka la dawa, na watu walikuja kuangalia. Wanawake walipima jikoni kwa mikono, kisha wakasoma ukutani, wakasema watanipigia.

Ukutani paliandikwa nini? Paliandikwa kwa rangi nyekundu, kila orofa: MAKAA NA KUNI MARUFUKU. Hiyo ilikuwa kazi ya ndugu yangu mkubwa anayekaa Nairobi. Yeye ndiye aliyelipia vigae vyeupe, kutoka ngazi mpaka choo, na akaapa hakuna jiko litakaloviharibu kwa masizi. Nyuma ya jengo alichora mistari ya manjano ya kuegesha magari manne. Hakuna mpangaji wetu aliyekuwa na gari. Yule tajiri zaidi alikuwa na pikipiki.

Maandishi hayo niliyapita kila siku bila kuyaona, kama vile mtu asivyoliona geti lake mwenyewe. Hilo ndilo kosa langu na silifichi.

Ndugu yangu alimpigia Baba simu nikiwa nimeketi naye shambani, spika imewashwa, akijua nipo pale.

"Mzee, tuongee ukweli. Nyumba tano tupu. Huyu dada anajua kufagia, hajui biashara. Kuna ajenti ninamjua Embu, anasimamia maploti mazima mazima pale Dallas. Tumpe."

"Na mimi niende wapi?" nikauliza.

"Si ungekuwa kwako? Wenzako wako kwao."

Nilitaka kuirusha ile simu kwenye zizi la ng'ombe. Mtoto wangu wa miaka mitatu alikuwa amelala kwenye paja langu, hiyo ndiyo iliyoniweka kwenye kiti. Baba akatoa hukumu kama ya mtihani: mwisho wa mwezi zikiwa zimejaa zote tano, nibaki. Hata moja ikiwa tupu, ajenti aingie na chumba cha geti kiende kwa mtu wake. Nilikuwa na wiki tatu na nusu.

Siku ya soko nilienda kununua ndizi. Nani ninamwona ameinamia fungu la maharagwe, anayakagua moja moja? Nesi wangu wa Isiolo.

"Muga!" nikamsalimia kwa sauti. "Kumbe Isiolo imehamia Nkubu na hakuna aliyeniambia?"

Aliruka. Akacheka mpaka akaficha uso kwa leso. "Mama ya mtoto, usinitangaze sokoni, tafadhali."

"Nakutangaza. Unaishi wapi?"

"Hapa nyuma."

"Nipeleke."

Alinipeleka. Ilikuwa ploti ya zamani, safu ya vyumba vya mabati, choo nje, maji ya kuteka kwa mtungi. Nyumba hiyo, kwa macho yangu ya kazi, nisingemkodishia mtu ninayemchukia. Lakini chini ya ukingo wa paa palikuwa na mafiga, na juu yake sufuria kubwa ya githeri inachemka taratibu, na majirani watatu wamekaa kwenye vigoda wakichambua mboga na kusengenya watu.

"Mahindi makavu na maharagwe," nesi akasema, "ukiyaweka kwa gesi yanameza mtungi. Mimi napika githeri mara moja, tunakula siku tatu. Mama yangu ananiletea gunia kutoka shambani. Nilipike na nini, kiberiti?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie wewe? Na wewe ungemwambia nani? Mwalimu alinifundisha darasa la tano. Alininunulia kalamu ya mtihani. Sasa mimi nimtumie ujumbe kwamba nyumba yake haipikiki?"

Mmoja wa wale majirani akadakia, "Heri uhame na adabu."

"Na wengine?" nikamuuliza nesi. "Fundi cherehani? Yule bibi harusi?"

"Bibi harusi gani! Yuko pale nyuma ya kanisa, hana hata mchumba." Kisha akapunguza sauti. "Sisi tulihama. Kuna wanaobaki na wanawasha jiko la makaa ndani. Wanafunga madirisha harufu isitoke, usije ukawashika. Uliza yule mama wa orofa ya juu mwenye mtoto mchanga kwa nini kichwa kinamuuma kila Jumapili."

Nilisimama pale damu ikinipanda. Moshi wa makaa unaua, na unaua kimya. Mtoto mchanga analala ndani ya moshi, dirisha limefungwa, kwa ajili ya heshima na vigae! Niliwakasirikia wote: ndugu yangu kwa rangi yake nyekundu, Baba kwa kuheshimiwa kupita kiasi, wapangaji kwa uongo wao mtamu. Nikajikasirikia mimi, ambaye nilikaa na funguo kumi na mbili na sikujua kinachoendelea nyuma ya mlango hata mmoja.

Jioni hiyo hiyo nilipanda ngazi mlango kwa mlango. Sikugombana na mtu. Nilisema, "Jiko lolote lililo ndani litoke sasa hivi liwekwe nje kwenye zile laini za magari. Atakayeuliza, mwambieni ni mimi." Majiko manne yalitoka. Moja lilikuwa limefichwa ndani ya kabati la nguo, ninaapa.

Asubuhi nikaenda Kanyakine nikamwomba Baba nguzo sita za mkaratusi.

"Za nini, mama?" Ananiita hivyo kwa sababu nina jina la mama yake.

"Za kujaza nyumba."

Alinitazama juu ya miwani, akaniagizia nguzo nane.

Nilimpata fundi asiyependa maneno. Tulisimamisha nguzo nyuma ya jengo, tukaezeka mabati, tukajenga ukuta wa kufika kiunoni ili upepo usisumbue moto. Ndani tukafinyanga majiko matano ya kuni ya udongo, kila moja na bomba lake la moshi juu ya paa. Pesa nilizotumia ni zile za kupaka rangi upya nyumba zilizo tupu. Rangi inaweza kungoja. Nikaandika zamu kwenye ubao: kila nyumba ina siku zake za githeri, na anayepika siku hiyo ndiye anayezoa majivu. Mistari ya manjano ilifunikwa na udongo. Nilichukua brashi nyeupe, nikafuta yale maandishi mekundu orofa zote tatu, kwa mkono wangu.

Nesi alikuwa wa kwanza kurudi. Hakurudi kwa aibu, alirudi na sufuria. Fundi cherehani akamfuata, mama yake mgonjwa akiwa amepona ghafla. Habari za githeri hazihitaji kubandikwa kwenye duka la dawa. Kabla ya wiki ya tatu kwisha, nyumba nne zilikuwa na mapazia.

Ya tano ilibaki. Orofa ya chini, karibu na tangi la maji. Watu wawili waliiona, wakasema tangi lina kelele likijaa. Ni kweli, lina kelele. Sikuwadanganya.

Jumamosi ya mwisho ndugu yangu alifika na ajenti, kijana mwenye viatu vyenye ncha na simu mbili. Baba alikuja pia, amevaa koti lake la mikutano. Ndugu yangu alizunguka nyuma ya jengo, akasimama.

"Hii ni nini? Parking yangu iko wapi? Umefanya hapa kambi!"

Chini ya mabati walikuwa wanawake watano, sufuria tano, na watoto wakikimbizana na wangu. Hakuna aliyeinuka.

"Parking yako iko chini ya hilo jiko la tatu," nikamwambia. "Ukipata gari la mpangaji uniite tulisogeze."

Wanawake wakacheka. Ajenti pia alicheka, kisha akaona uso wa ndugu yangu, akakohoa.

Baba hakucheka. Alikuwa amemwona nesi. "Wewe," akasema, "si nilisikia umehamishwa?"

Nesi akasimama kama mtoto aliyeulizwa jedwali la kuzidisha. "Hapana, Mwalimu. Nilidanganya."

"Kwa nini?"

"Ningekuambiaje nyumba yako inanishinda kupika? Wewe?"

Baba aligeuka akamtazama fundi cherehani, naye akatazama miguu yake. Baba aliwatazama mmoja mmoja, na mmoja mmoja waliinamisha macho. Sijawahi kumhurumia baba yangu kama dakika hiyo. Maisha yake yote alifundisha watoto kusema ukweli, na kumbe wamekua, wamemwogopa mpaka wakamhama.

"Mzee, tusipoteze wakati hapa," ndugu yangu akasema. "Mkataba ulikuwa nyumba tano. Dada, ziko ngapi?"

"Nne zimejaa."

"Basi." Akamgeukia ajenti. "Umesikia."

"Sijamaliza," nikasema. "Ya tano imepata mpangaji leo asubuhi. Dipositi imelipwa, risiti iko hapa."

"Nani?"

"Mimi. Mimi na mtoto wangu. Kodi ile ile wanayolipa hawa. Chumba cha geti kitawekwa kuni."

Alibishana, bila shaka. Alisema ni hila. Labda ilikuwa hila, lakini dipositi ilikuwa pesa zangu za kufuma sweta tangu Embu, na kelele za tangi ningezisikia mimi, si yeye. Nilimwambia Baba nataka maandishi. Mpangaji yeyote wa jengo hili ana karatasi yenye sahihi, anajua atapewa notisi ya muda gani. Mimi peke yangu ndiye nimekuwa nikikaa hapa kwa neno la mdomo, naweza kutolewa kwa simu yenye spika. Nataka karatasi mbili: moja ya nyumba ninayokodi, moja ya kazi ninayofanya na mshahara wake.

Baba alikaa kwenye ule ukuta wa kiunoni, moshi wa mkaratusi ukipita juu ya kichwa chake. Aliomba kalamu. Nesi ndiye aliyemkimbilia na yake. Aliandika polepole, kwa mwandiko wa ubaoni, akiniuliza kila kipengele kwa sauti mbele ya watu: notisi miezi mingapi, nani anaweza kuitoa, kama lazima iwe kwa maandishi. Nikasema mitatu, yeye peke yake, na ndiyo. Aliposaini alimpa ndugu yangu kalamu asaini kama shahidi.

"Mzee, kweli?"

"Andika jina lako lote," Baba akamwambia. "Na uandike vizuri, lisomeke."