Mwacheni Ageuze Uso

Siku ile naikumbuka kwa hasira, mwanangu Rehema, na sitaki ipoe kabla sijakuandikia. Wazee hutoa nasaha wakiwa wametulia. Mimi si mzee na sijatulia, lakini aliyeumwa na nyuki hangoji mvi ndipo aseme. Utaisoma ukikua, na wenzio waisome.

Ulizaliwa na macho yanayocheza. Ukitazama mbele hayatulii, yanakwenda huku na huku kama maji ya ndoo kichwani. Ukigeuza uso kushoto na kutazama kwa pembe ya kulia, yanatulia. Hakuna aliyekufundisha. Uligundua mwenyewe, na daktari wa macho akaniambia, mwacheni, hapo ndipo anapoona.

Watu hawakukuacha. Kanisani walisema una dharau. Shuleni, mwalimu wako wa la pili alikushika kichwa kwa mikono miwili mbele ya darasa, akakinyoosha, akasema, "Samaki mkunje angali mbichi." Herufi zikaanza kucheza, ukashindwa kusoma, wenzio wakacheka. Mimi akaniita kuniambia kwamba usipoweza kusoma kitabu kabla shule haijafungwa, unarudi la kwanza. Samaki wa kukunjwa, mwanangu, ni yule aliyekwisha kufa. Hilo hawalisemi.

Nikasema miwani itatuokoa. Kazi yangu unaijua: baada ya kidato cha nne nilifundishwa kompyuta kwenye duka la miwani hapa Singida mjini. Lenzi ngumu kama zako tunazichora kwanza kwenye programu. Kila kitu kina mstari wake, kutoka juu kwenda chini, mwanga, lenzi, jicho, kisha unarusha miale uone inakutana wapi. Kuna nafasi ya kuandika lenzi imeinama kiasi gani, imesogea kiasi gani kutoka katikati. Ukiiacha, kompyuta inajiwekea sifuri. Sifuri maana yake mtu anatazama mbele, katikati ya lenzi, kama yuko kwenye picha ya kitambulisho.

Fundi Elisha, mwenzangu wa kazi, ndiye aliyekupima, mimi nikiwa nahudumia wengine. Ulipoivaa miwani ile, ulifika mlangoni ukatapika. "Mama," ukaniambia, "mlango umekuwa miwili."

Nikarudi kwa Elisha nayo mkononi.

"Elisha, ulimpima nani?"

"Mwanao, Mama Rehema. Alikuwa anapindapinda, nikamnyoosha."

"Na kwenye kompyuta uliweka nini?"

"Sifuri. Wateja wote ni sifuri, na hakuna aliyerudi kulalamika."

"Asiyeona njia atarudije?"

Akacheka kidogo, mimi sikucheka. "Haya, usinile," akasema. "Naweka mwinamo sasa hivi, uone." Akaandika. Miale ikakutana kwenye nukta moja, safi, kama mwanzo. Akaegemea kiti. "Umeona? Niinamishe, nisiinamishe, ni vilevile. Tatizo siyo lenzi, dada. Ni mtoto."

Mwanangu, kuna maneno mtu akikuambia unasikia masikio yanapata moto. Lakini kabla sijamjibu nilimkumbuka babu yangu wa Itigi, mrina asali, mtu mkali kuliko mimi. Mzinga wa gogo haulazwi sawasawa. Unainamishwa mdomo chini kidogo, ili maji ya mvua yatoke, nyuki wasihame. Siku moja nikiwa binti mdogo, mbeba kamba wao, mjomba alitundika mmoja akasema umeinama vizuri.

"Umeupima kwa kitu gani?" babu akauliza.

"Kwa tawi."

Babu akamrukia kwa Kinyaturu, na hayo siyaandiki. Kisha akachukua kibuyu, akapanda, akamimina maji mdomoni mwa mzinga. Maji yakaingia ndani, hayakutoka. "Tawi lenyewe limeinama," akasema. "Mvua haijui tawi lako. Mvua inaijua ardhi."

Basi nikamuuliza Elisha, "Mwinamo umeuandika mstari gani?"

"Wa juu."

Katika programu ile, kila mstari ulio chini ya mwinamo huufuata. Yeye aliuandika juu ya vyote, juu ya mwanga wenyewe. Mwanga ukainama, lenzi ikainama, jicho likainama, vyote pamoja, kwa hiyo hakuna kilichobadilika kati yao. "Umepima kwa tawi," nikamwambia. "Umeinamisha dunia nzima, halafu unasema kosa ni la mwanangu."

Tukauandika upya, kwenye mstari wa kabla ya lenzi tu, na baada ya lenzi tukaweka mstari wa kuurudisha, ili jicho libaki Mungu alipoliweka. Miale ikatawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Elisha akasogeza kiti karibu na kompyuta.

"Hiki ndicho alichokuwa anakiona?"

"Ndicho alichokitapika."

Hakubisha tena, nampa haki yake. Alikuita, akakuacha ukae unavyokaa, uso kushoto, akapima pale kwenye lenzi jicho lako linapopitia kweli. Kitovu cha lenzi tukakisogeza pembeni, tukarekebisha, mpaka miale ikakutana tena. Safari hii ilikutana kwa ajili yako.

Kisha nikakupeleka shule na miwani yako mpya. Nikamwamkia mwalimu shikamoo, maana ni mkubwa wangu na hasira haiondoi adabu. Ukafungua kitabu, ukageuza uso. Mkono wake ukainuka kwa mazoea.

"Mwalimu," nikasema, "mkono wako."

Ukabaki hewani. Nawe ukasoma ukurasa wote, mpaka nukta ya mwisho.

"Lakini anasoma kama anamwangalia mtu mlangoni," akasema.

"Muulize huyo wa mlangoni kama kuna neno amekosea."

Ulibaki la pili. Pole hatukupewa, na mpaka leo naidai.

Sasa shika haya, mwanangu, nawe kijana mwingine unayesoma. Anayekuambia umepinda, muulize amekupima kwa kitu gani. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na wengi wanapima watoto wa watu kwa matawi yao wenyewe. Nawe ukipewa siku moja kumpima mtu, usimnyooshe kwanza ili hesabu yako iwe rahisi. Mpime alivyokaa. Na ukiona kila kitu kiko safi huku mtu analia, mwamini anayelia.

Mungu akutunzie pembe yako ya kuonea. Usome, ukue, uende na uso wako ulivyo, na kila mkono utakaokuja kukunyoosha uishie hewani kama ule.