Shikamoo Niliyoitikiwa St Marys

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi, maana ukimaliza nitaendelea palepale nilipoishia. Mimi ni muuguzi. Nimekesha na wanaokufa na sijawahi kutishwa na pazia kutikisika. Lakini hili lilinipata mchana kweupe, Pasaka ya 2014, mke wangu akiwa pembeni yangu na binti yetu kiti cha nyuma. Wote wawili wapo hai, waulize.

Tunaishi Doonside, kitongoji cha Sydney, Australia. Nilikuwa nimenunua karavani, kile kinyumba cha magurudumu kinachovutwa na gari, kutoka kwa mama mmoja mjane wa mtaa wa pili. Watanzania wenzetu wa Sydney wakapanga tukapige kambi pwani ya kusini, na kwa kuwa mwenye karavani nilikuwa mimi peke yangu, kila mtu alishajua mzigo wake utapanda wapi. Desturi yetu unaijua. Mtu akikwambia "naomba unibebee kamzigo kadogo," utaanzaje kukataa? Umkatalie leo, halafu siku ya msiba wako nani atakuja kusonga ugali?

Nikaona dawa ni kununua vyuma vya maana. Jumamosi nikaenda duka la vifaa vya karavani St Marys, kitongoji cha jirani. Kulikuwa na vyuma virefu vya kugawa uzito, ambavyo hubana karavani na gari ili uzito usikandamize matairi ya nyuma ya gari peke yake hadi ya mbele yakapoteza mshiko. Kulikuwa pia na chuma kingine cha kuzuia mkia wa karavani usiyumbe. Aina tele, na mimi nimesimama nakuna kichwa. Mara nikaona mzee wa Kizungu kando yangu, shati la kaki, mikono imejaa grisi. Mdomo ukanitoka wenyewe, kama unavyomtoka yeyote aliyelelewa kwetu anapokutana na mvi.

"Shikamoo."

"Marahaba," akaitikia. "Unavuta nini, mwanangu?"

Kiswahili safi, ndugu yangu. Nilipigwa na butwaa hadi nikasahau kumuuliza alikojifunzia. Nikamweleza gari langu, karavani yangu, na safari yenyewe.

"Chukua vyote viwili," akasema. "Lakini havitamsaidia mtu aliyejaza nyuma. Mzigo mzito uweke katikati, juu ya magurudumu, kisha pima uzito wa pua ya karavani, pale inapoegemea gari. Pua ikiwa nyepesi, mkia utakuua. Na ukianza kuyumba usikanyage breki ya gari. Achia mafuta, bonyeza breki ya karavani kwa mkono, kile kitufe cha karibu na usukani."

Akanishika kifundo cha mkono ili nisisahau. Haki ya Mungu, ule mkono ulikuwa wa baridi kama nyama iliyotoka kwenye friza. Tena haukuwa na kidole cha mwisho. Nikageuka kuchukua chuma rafuni, nilipomgeukia tena hakuwepo. Nikajua ameenda zake.

Nikanunua vyote viwili, fundi akavifunga vizuri. Na hapa ndipo nikiri ujinga wangu: maneno ya mzee niliyasikia, nikayaacha dukani. Nilidhani nikishakuwa na vyuma nina ruhusa ya kubeba chochote.

Ijumaa Kuu asubuhi watu wakaanza kuleta. Mama Kulwa, jirani yetu wa Doonside, alikuja na masufuria yake mawili ya pilau ya harusi, yale ambayo mtoto anaweza kuogea humo, yamefunikwa kwa kanga yake. Wengine wakaleta mkaa, magunia ya mchele, spika. Mlango wa karavani ulikuwa nyuma kabisa, kwa hiyo kila mmoja aliingiza mzigo wake, akautua palepale mlangoni, akaondoka na shukrani.

"Baba Zawadi, nyuma si kumelemewa?" mke wangu akaniuliza.

"Vyuma vipo," nikamjibu. Nikafunga mlango kwa ufunguo, nikautia mfukoni.

Tulifika kwenye mteremko mrefu unaoshuka kuelekea pwani karibu saa sita mchana. Lori likatupita kwa kasi, upepo wake ukaisukuma karavani. Ikayumba kulia, ikarudi kushoto, kila inaporudi inazidisha. Gari likaanza kuufuata mkia. Usukani nikauhisi mwepesi mikononi, na upande wa kushoto kulikuwa na bonde. Mke wangu akaanza kusali kwa sauti.

Zawadi, aliyekuwa na miaka tisa na aliyejibu kila kitu kwa Kiingereza, akageuka nyuma akasema kwa utulivu kabisa, "Dad, who's the old man in the caravan?"

Mzee gani tena ndani ya karavani? Nikatazama kioo. Kwenye dirisha la mbele la karavani nikaliona shati la kaki. Alikuwa ameinama, amebeba sufuria la Mama Kulwa, analileta mbele. Akaliweka. Akarudi nyuma. Akaja na gunia.

Mguu wangu ulikuwa umeshagusa breki. Nikauondoa. Nikaachia mafuta, nikabonyeza breki ya karavani kwa mkono. Kuyumba kukapungua, kukapungua tena, kisha karavani ikatulia nyuma yetu kana kwamba haijafanya lolote. Nikaegesha pembeni. Nikashuka, nikakaa chini kwenye kokoto.

Mke wangu ndiye aliyechukua ufunguo mfukoni mwangu akafungua mlango. Nyuma kulikuwa kutupu. Mizigo yote ilikuwa katikati, juu ya magurudumu: magunia na mkaa chini, sufuria ndani ya sufuria, vyote vimefungwa kwa kanga ya Mama Kulwa. Na kwenye kila mkono wa sufuria kulikuwa na alama za grisi. Vidole vitatu na gumba.

Niliporudi nikaenda kwa yule mjane aliyeniuzia karavani. Sikumaliza hata nusu ya maelezo, akaniuliza, "Kidole kipi?" Nilipomwonyesha, akaketi. Mumewe alifundisha uchomeleaji Tabora ujanani, kidole akakiacha huko. Alikufa kwenye mteremko uleule, nyuma amejaza fanicha za dada yake, kwa sababu hakuweza kumkatalia. Karavani ilitengenezwa, ndiyo hii aliyoniuzia. Alikuwa ameona aibu kunieleza.

Grisi ile haijatoka kwenye masufuria mpaka leo. Tumesugua kwa majivu, kwa nyuzi za chuma, kwa dawa ya injini. Mama Kulwa aliniachia, hataki kuyaona.

Na mimi Doonside nzima wananiita mchoyo, kwa kuwa siku hizi kila mzigo naupima na mwingine naukataa mbele ya mwenyewe. Waseme. Wewe nawe ukiombwa kubeba, kumbuka anayekushukuru mlangoni hayupo garini na mwanao.

Kabla ya kila safari hufungua mlango wa karavani na kusema, "Shikamoo." Kukiwa kimya, tunaondoka. Pasaka iliyopita nilisema, nikaitikiwa. Nikashusha kila kitu kimoja kimoja, tukalala nyumbani.