Siku Niliyousimamisha Moyo wa Baba Ramazani

Haya ninayo mpaka leo, sitawaficha. Wakati ule wa Zaire nilikuwa ninasomea uuguzi hapa Kindu, na jioni ile ningeanza zamu yangu ya kwanza ya usiku katika chumba cha wagonjwa wa moyo, chini ya Mama Feza, muuguzi mukubwa ambaye alitufundisha na, tukikosea, alituregesha nyumbani (wenzangu wawili walikuwa wamekwisha kuregeshwa). Niliogopa. Nikaona heri nijizoeze kidogo, nikachukua stetoskopi niliyoazimwa, ile mipira ya kusikilizia moyo, nikamufuata mwenye nyumba wetu, Baba Ramazani, aliyekuwa ametoka tu kuswali alasiri, nikamuomba afungue vifungo vya kanzu.

Nikaweka kifuani. Kimya. Nikahamisha kushoto, kimya; mugongoni, kimya kabisa.

"Unasikia nini, mwanangu?"

Hapo njo ningesema sijui. Badala yake nikasema, "Baba, lala chini, usitembee. Moyo wako hausikiki."

Bibi yake, Mama Zaina, alikuwa nyuma ya mulango. Akapiga yowe, majirani wakajaa, mumoja akakimbilia mutumbwi kupeleka habari kwa ndugu wa ng'ambo ya Lualaba, wengine wakamulaza muzee juu ya mukokoteni, na mimi mbele, na bluzi yangu nyeupe ya uuguzi, nikiomba njia katikati ya soko (watu wote wakasimama).

Mama Feza akatupokea mulangoni mwa hospitali. Akajaribu kusikiliza na stetoskopi yangu, akanitazama, akakigeuza kile kichwa cha chuma cha mwisho wa mipira kwa vidole viwili, kikalia tik, akasikiliza tena.

"Citoyenne," akasema polepole (yaani mwananchi, ndivyo wanawake tulivyoitwa wakati ule), "hiki kiko na pande mbili. Ulisikiliza na upande uliofungwa."

Baba Ramazani akaketi. "Basi niko muzima?"

"Kumushinda huyu," akajibu Mama Feza.

Hakuniregesha. Alinisikilizisha kila kifua mara mbili mpaka asubuhi. Nilipofika nyumbani nikakuta uani ndugu wanane wa ng'ambo, na kapu la samaki wa matanga, wakimutazama marehemu wao akinywa chai. Mama Zaina akanipa kisu.

"Wewe njo uliwaita. Anza kupara."

Nikapara samaki wote bila kuinua kichwa. Tangu siku ile, kabla sijamugusa mugonjwa, ninapiga kwanza kidole juu ya kile chuma nijue upande uliofunguka, na nisiposikia kitu kifuani, ninaita mukubwa wangu, mimi mwenyewe ninafunga mudomo.